Cheti cha kidato cha nne

Baba alipopata kiharusi mwaka 2019, nilikuwa afisa mikopo hapa Mwanza. Shahada ya uhasibu ninayo, ajira ninayo, na kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka kwenye vikundi vya akina mama kukusanya marejesho. Mwenye deni akijificha, naenda kumgongea mlango mbele ya watoto wake. Baba alilazwa Bugando akiwa amepooza upande wa kulia, nikaomba likizo nikamuuguze.

Kulikuwa na muuguzi mmoja, mama wa makamo, aliyekuja kumgeuza baba kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo. Alinifundisha na mimi: kunja goti, shika bega na nyonga, vuta kwa pamoja, mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Akimaliza anakagua visigino na kiuno kama ngozi imebadilika rangi. Muda wote huo anamsemesha baba, ingawa baba hakuweza kumjibu. Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza, "Sista, mtu mzima kama mimi akitaka kuwa muuguzi anaanzia wapi?"

"Jumamosi njoo nyumbani, Buzuruga," akasema. "Beba vyeti vyako vyote."

Nilienda na bahasha ya kaki. Mezani nilitanguliza cheti cha shahada, akakisogeza pembeni. Cha kidato cha sita akakiangalia: Uchumi, Biashara na Uhasibu. Nacho akakisogeza. Akabaki na cheti cha kidato cha nne, kidole kikishuka somo kwa somo. Baiolojia C. Kemia D. Fizikia D. "Hizi D zako mbili ndizo zimekufungulia mlango," akasema. "Diploma ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa masomo manne, dini haihesabiwi, na haya matatu lazima yawemo."

Nilikaribia kulia. Tulipoingia kidato cha tatu wenzangu wengi waliacha Fizikia na Kemia, nami nilitaka kuacha. Baba ndiye aliyekataa. Mzazi unayesoma hapa, mwanao akikuambia anaacha Kemia kwa sababu ni ngumu, kaa naye kwanza mzungumze.

Tukaanza kupima njia. Shahada ya uuguzi, miaka minne, kama pale Muhimbili, inataka Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, na mimi sikuwa nazo. Ningeweza kurudi kuzisoma na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini hiyo ni miaka inapita kabla sijagusa mgonjwa hata mmoja. Mume wangu naye alikuwa amenishauri nisome shahada ya uzamili ya uongozi wa huduma za afya, kwa kuwa uhasibu wangu ungefaa huko. Ushauri wake ulikuwa na akili. Ila mimi sikutaka kusimamia bajeti ya hospitali, nilitaka kazi ile niliyoiona kitandani kwa baba.

Zikabaki mbili: cheti cha uuguzi kwa miaka miwili au diploma kwa miaka mitatu. Hapo ndipo tulipokaa sana. Nyumbani tungebaki na mshahara mmoja, wa ualimu. Kwangu tayari Bodi ya Mikopo ilikuwa inakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya ile shahada iliyokuwa imelala pembeni ya meza, na nikiacha kazi deni halifutiki. Kwa anayeanza hakuna darasa la jioni, ni kutwa nzima, na wodini kuna zamu za usiku. Mwanangu wa miaka minne angekaa na mama mkwe. Kwa hesabu hizo miaka miwili ilinivutia.

Sista alinisikiliza mpaka mwisho. "Vigezo vya kuingilia ni hivyo hivyo," akasema. "Mwaka wa tatu ndio unaokupeleka ngazi ya 6, yaani diploma, ukiajiriwa unaitwa Afisa Muuguzi Msaidizi. Ukifaulu vizuri, diploma hiyo hiyo inakupeleka shahada bila kurudia kidato cha sita. Ukiishia miwili, utarudi darasani umri umesogea na mtoto yuko sekondari. Mwaka huo mmoja ulipe sasa hivi."

Nikachagua mitatu. Binamu yangu alikuwa ameniletea jina la chuo cha bei nafuu. Sista akafungua mwongozo wa udahili wa NACTE, baraza la elimu ya ufundi ambalo sasa linaitwa NACTVET, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, jina halimo. "Usipeleke hata shilingi yako huko," akasema. "Chuo kisipotambuliwa, Baraza la Uuguzi na Ukunga halikupi leseni." Tukaandika vyuo vya serikali, vya Kanda ya Ziwa vikitangulia, na siku hiyo hiyo nikapita stationari kutuma maombi.

Jioni nilimwambia baba. Maneno yalikuwa yameanza kumrudia, moja moja. Aliuza ng'ombe nikasoma uhasibu, na hilo ndilo alilolisema kwanza: "Ng'ombe wangu." Nikamwambia bado wapo, ndio walionifundisha kusoma vitabu vigumu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Nani atakulisha?"

"Mimi, baba," mume wangu akajibu kabla sijafungua mdomo.

Sikumwambia mtu yeyote kazini mpaka majina ya waliochaguliwa yalipotoka. La kwangu lilikuwemo. Asubuhi iliyofuata nikapeleka barua kwa meneja, notisi ya siku 28.