Tarehe ya faili ndani ya Access: ninavyozuia orodha ya makontena isiingie mara mbili wala isirukwe

Kazi yenyewe ni hii. Ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa hupokea orodha za makontena kwa mafaili ya CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa koma): mengine yanatoka kwa mawakala wa meli, mengine kwenye maghala, mengine kwa waagizaji wenyewe. Yote huwekwa kwenye folda moja ya seva, na hifadhidata ya Access inatakiwa iingize yale yaliyobadilika tu. Faili lisilobadilika likiingizwa tena na tena, mashine inafanya kazi ya bure. Lililobadilika likirukwa ndiyo hatari, kwa sababu kontena linakaa bandarini Kilindini bila mtu kulifuatilia, siku za bure zinakwisha, na mteja anaanza kuhesabiwa gharama za kuhifadhi.

Skripti nyingi nilizokutana nazo (zote kwa VBA, lugha ya programu ndani ya Access) huuliza: je, faili hili ni jipya kuliko la mara ya mwisho? Mimi siulizi hivyo. Nauliza kama ni lilelile nililoliandika kwenye jedwali, au ni jingine. Tofauti inaonekana ndogo lakini ndiyo inayookoa kazi. Tarehe ya faili huandikwa na saa ya kompyuta fulani, na si kila kompyuta ina saa ya kuaminika. Mtu akirudisha nakala ya wiki iliyopita kwa sababu ya leo ina makosa, tarehe inarudi nyuma, na skripti inayotafuta "kubwa kuliko" italipita faili hilo kimyakimya.

Kwa hiyo nina jedwali moja, tblFaili, lenye safu tano: JinaFaili (ndiyo ufunguo), TareheIliyoonekana, UkubwaUlioonekana, TareheIliyoingizwa na UkubwaUlioingizwa. Mbili zinazofuata jina ni za mzunguko uliopita wa ukaguzi. Mbili za mwisho ni za faili kama lilivyokuwa lilipoingizwa salama. Kila baada ya dakika tano fomu iliyofichwa hukagua folda (TimerInterval ni 300000, kwa kuwa Access huhesabu kwa milisekunde), na kwa kila faili husoma vitu viwili:

t = FileDateTime(njia)
u = FileLen(njia)

FileDateTime hurudisha wakati faili lilipoandikwa mara ya mwisho, kwa saa ya hapa. Haina uhusiano na tarehe ya kuundwa, na ni vizuri hivyo. Ukikopi faili kwenye Windows, tarehe ya kuundwa inakuwa ya sasa hivi, lakini ya marekebisho inabaki ileile ya zamani. Ndiyo maana utakuta faili "limerekebishwa" kabla ya "kuundwa", na hakuna kilichoharibika. Lililopakuliwa kwa kivinjari kwa kawaida hupata tarehe ya dakika ile ya kupakuliwa, hata kama orodha ni ya mwezi jana.

Kulinganisha tarehe kwa alama ya sawasawa ni mtego. Ndani ya Access tarehe ni namba yenye desimali, inayohesabiwa kwa siku tangu 30 Desemba 1899, na sekunde moja ni 1 gawanya kwa 86,400. Tarehe mbili zinazoonekana sawa kwenye skrini zinaweza kutofautiana kwenye desimali za mwisho, hasa moja ikiwa imetokana na hesabu. Natumia DateDiff (hutoa tofauti kati ya tarehe mbili) kwa sekunde, na naacha nafasi ya sekunde mbili:

tofauti = Abs(DateDiff("s", Nz(rs!TareheIliyoingizwa, #1/1/2000#), t)) > 2 Or Nz(rs!UkubwaUlioingizwa, -1) <> u

Hizo sekunde mbili zina sababu. Flashi nyingi zimeformatiwa kwa FAT32, na mfumo huo huhifadhi wakati wa marekebisho kwa hatua za sekunde mbili. Faili lililoandikwa sekunde ya 17 kwenye diski ya NTFS (mfumo wa kawaida wa diski za Windows) haliwezi kubaki na 17 likipita kwenye flashi. Usipoacha nafasi hiyo, kila faili lililotembea kwa flashi litaonekana limebadilika.

Na hiyo 1/1/2000 ndani ya Nz (Nz huweka thamani mbadala pale safu ikiwa tupu) usiibadilishe kuwa sifuri. Sifuri ni mwaka 1899, na sekunde kutoka hapo hadi leo zinapita 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kabisa ambayo DateDiff inaweza kurudisha. Utapata hitilafu namba 6 kwa kila faili jipya, na utashangaa mbona ya zamani yanapita bila shida.

Kuzungukia folda kuna mtego wake. Dir, amri ya kuorodhesha mafaili, ukiipa njia na *.csv inakupa jina la kwanza, kisha Dir tupu inakupa linalofuata. Lakini ina kumbukumbu moja tu. Ukiwa katikati ya mzunguko ukaita Dir nyingine kuangalia kama faili fulani lipo, mzunguko wa kwanza umekufa: ama unakatika mapema, ama unaendelea na orodha nyingine kabisa. Mimi hukusanya majina yote kwanza kwenye Collection, ndipo naanza kazi juu ya majina hayo. Likitokea faili limefutwa kati ya hapo, FileDateTime hutoa hitilafu 53; hilo naliruka na kuendelea. Ikija 52 au 76, seva yenyewe au folda haifikiki, basi nafunga mzunguko mzima, maana kuendelea hakuna faida.

Njia ya folda iandikwe kwa jina la seva, kwa mfano \\SEVA\Makontena, isiwe Z: wala Y:. Herufi hizo ni za mtumiaji aliyeingia kwenye kompyuta. Kazi ikipangwa iendeshwe na Windows yenyewe usiku, haizioni.

Sasa nije kwenye kosa ambalo linasumbua watu wengi kuliko yote hapa kwetu. Kompyuta zetu huandika siku kwanza, kisha mwezi. SQL ya Access, yaani lugha ya kuuliza hifadhidata, ikikuta tarehe kati ya alama mbili za #, husoma mwezi kwanza. Ukiunganisha maneno hivi, "WHERE TareheIliyoingizwa = #" & t & "#", basi tarehe 05/03/2024 inasomwa kuwa 3 Mei. Ubaya wake ni kwamba Access haitoi hitilafu. Ikikuta 20/03/2024 inaona hakuna mwezi wa 20, inageuza yenyewe na kupata 20 Machi, sahihi kabisa. Kwa hiyo skripti iliyojaribiwa tarehe 20 inafanya kazi vizuri hadi mwisho wa mwezi, kisha tarehe mosi inaanza kuingiza mafaili yaleyale kila baada ya dakika tano, mpaka tarehe 12. Tarehe 13 inapona. Fundi anaitwa, anafika tarehe 15, anakuta kila kitu ni sawa. Ukisikia karani anasema, "Kaka, huu mtambo huumwa mwanzo wa mwezi," nenda moja kwa moja ukatafute # ndani ya msimbo.

Dawa bora ni kutounganisha tarehe na maneno hata kidogo. Fungua rekodi kwa Recordset, anza na rs.Edit (au rs.AddNew kwa faili jipya), andika rs!TareheIliyoingizwa = t, halafu rs.Update. Tarehe inaingia kama namba, haipiti kwenye maandishi. Ikikulazimu kuandika SQL, tumia Format(t, "yyyy\-mm\-dd hh\:nn\:ss"). Hiyo mikwaju ya nyuma si pambo. Bila mkwaju, nukta mbili hubadilishwa kuwa alama yoyote ya saa iliyowekwa kwenye mipangilio ya kompyuta ile. Na dakika ni nn. Mm peke yake ni mwezi.

Ukishika SQL, kumbuka pia majina ya mafaili. Faili likiitwa Mizigo ya ng'ambo.csv, ile alama ya ng' inafunga maneno katikati na SQL inavunjika. Replace(jina, "'", "''") inatosha. Kwa lugha yetu hili si jambo la nadra.

Saa za kompyuta. Kenya iko saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa) mwaka mzima, hatusogezi saa, kwa hiyo NTFS inayohifadhi wakati kwa UTC haitupi taabu yoyote, ila kompyuta iwe imewekwa eneo sahihi. Andika tzutil /g kwenye dirisha la amri. Jibu liwe E. Africa Standard Time. Mashine iliyonunuliwa ikiwa bado na saa za Pacific za Marekani, na mtu akairekebisha kwa mkono ili ionyeshe saa ya hapa, basi kila faili inaloandika litaonekana kwenye mashine nyingine liko saa 10 au 11 mbele. Rekebisha kwa tzutil /s "E. Africa Standard Time", kisha ndipo uweke saa.

Upande wa pili ni betri ya ubao mama, ile CR2032 ya volti 3. Ofisi nyingi huzima umeme ukutani jioni wakifunga. Kompyuta ikikosa umeme kabisa, saa yake inaishi kwa betri hiyo peke yake, na betri huchoka mapema. Ikiisha, mashine inaamka na tarehe ya miaka mingi nyuma, na mafaili yanayoandikwa kabla intaneti haijairekebisha yanabeba tarehe hiyo. Kwa sheria ya "lilelile au jingine" mafaili hayo yanaingia bila tatizo. Hata hivyo nataka nijue, kwa hiyo faili lenye tarehe iliyozidi Now kwa sekunde 300, au lililo chini ya mwaka 2015, naliwekea alama kwenye kumbukumbu ili mashine ilikotoka ikaguliwe.

Faili linaloendelea kuandikwa ni suala jingine. Orodha ndefu ikikopiwa kupitia mtandao dhaifu, skripti inaweza kuikuta nusu. Wengi huweka sharti kwamba faili liwe na umri wa dakika mbili. Sharti hilo silipendi kwa sababu mbili. DateDiff ya "n" huhesabu mipaka ya dakika iliyovukwa: kutoka 10:00:59 hadi 10:01:00 inakujibu dakika moja, ilhali imepita sekunde moja. Na faili lenye saa ya mbele, lile la Pacific, litakuwa na umri hasi, litasubiri hadi usiku wa manane. Badala yake naangalia kama tarehe na ukubwa wa sasa ni sawa na vya mzunguko uliopita. Vikilingana, faili limetulia. Halafu najaribu kulifungua kwa Open njia For Binary Access Read Lock Read Write As #f. Nikipata hitilafu 70, bado kuna mtu amelishika, nalo linangoja mzunguko ujao.

Kuingiza kwenyewe: DoCmd.TransferText inapeleka data kwenye jedwali la muda, lililosafishwa kwanza. TransferText haifuati BeginTrans (amri ya kuanza muamala, yaani kazi inayokamilika yote au haifanyiki kabisa), ndiyo maana siipeleki kwenye jedwali kuu. Kutoka jedwali la muda, amri za kuongeza na kusahihisha hupita kwa db.Execute pamoja na dbFailOnError, ndani ya BeginTrans na CommitTrans, na kuandika tblFaili kuwe ndani ya muamala huohuo. Ukisahau dbFailOnError, rekodi zilizokataliwa hupotea bila neno. Tarehe ninayoandika ni ile t niliyosoma kabla ya kuingiza. Siisomi upya mwishoni. Faili likibadilishwa wakati naliingiza, tofauti itaonekana mzunguko ujao. Jedwali kuu lina faharasa ya kipekee ya namba ya kontena pamoja na namba ya hati ya shehena, hivyo orodha ileile ikija na tarehe mpya baada ya kupakuliwa tena, inasahihisha rekodi zilizopo badala ya kuzizidisha.

Kitu kimoja ambacho tarehe hugundua vizuri sana: mtu kufungua CSV kwa Excel na kubonyeza kuhifadhi. Excel huondoa sifuri ya mwanzo, kwa hiyo namba ya HS (namba ya kimataifa ya aina ya bidhaa kwa forodha) ya chai, 090240, inakuwa 90240. Safu hiyo iwekwe kuwa maandishi kwenye maelezo ya uingizaji, na namba ya HS yenye tarakimu pungufu ya sita ikataliwe pamoja na faili lake zima, lirudishwe kwa aliyelituma.

Skripti hii iendeshwe na kompyuta moja tu. Kila mtu akiwa na nakala ya fomu, kila mashine itaingiza. Linganisha Environ("COMPUTERNAME") na jina lililo kwenye jedwali la mipangilio, na fomu ijifunge isipolingana. Kwenye ripoti ya karani, saa naionyesha kwa kutoa saa sita, 14:00 isomeke saa nane mchana; kwenye jedwali inabaki kama ilivyo.

Kujaribu, usingoje mafaili ya kweli. PowerShell inaweza kulipa faili tarehe yoyote:

(Get-Item "jaribio.csv").LastWriteTime = "2024-03-05 10:00:17"

Fanya hivyo kwa tarehe ya siku kati ya 1 na 12, kwa tarehe iliyorudi nyuma, kwa tarehe ya kesho, na kwa faili lenye ng' kwenye jina. Kila moja liingie mara moja tu, katika mzunguko wa pili, na mzunguko wa tatu lisiguswe.