Tarehe 25 na ujanja wa kusema sina

Kila nikisikia semina ya nidhamu ya pesa kwa vijana nacheka, maana mtoa mada lazima aanze na bata, mara wikiendi mnakula bata mara simu kali, kama vile mshahara unafika mzima alafu sisi ndo tunauchana. Chukua dogo wa kampuni binafsi hapa Dar, mshahara laki 9. NSSF, mfuko wa pensheni, 90,000, kodi kama 80,500, na kama chuo alikula bumu Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hiyo 135,000. Haifiki hata laki 6 na mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mpigo.

Alafu nyumbani tarehe ya mshahara wanaijua. Tarehe 14 kimya, ila 25 jioni, "mwanangu u mzima? bibi yako miguu inamsumbua". Bado magrupu ya wasap ya harusi na misiba, majina ya waliotoa yamepangwa na we upo kwenye "ahadi", utakaaje?

Kwa nnavyoona tabia zetu zinatengenezwa hapo. Pesa ikikaa kwenye simu ni ya kila mtu, na kumdanganya mama roho inasuta. Kwahiyo wengi nnaowajua hawaweki akiba kwa ajili ya faida, wanaificha. Anaingia kikoba ambako asiponunua hisa anapigwa faini, au anatupia UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako kutoa mpaka ujaze maombi usubiri siku kadhaa, au anabeba kiwanja cha kulipia kidogo kidogo huko Chanika. Akipigiwa anasema sina, na kweli hana! Wataalamu wanasema hela ya dharura iwe karibu, kwetu ikiwa karibu inageuka dharura ya ukoo mzima.

Sasa ukificha yote, tarehe 15 mtoto anaumwa unajikuta mtupu, ndo unaingia Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, ambayo hela ikiingia tu inajikata yenyewe kwanza, au unaangukia kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa, kausha damu. Kuna watu wana kiwanja na hisa za kikoba lakini nauli ya daladala wanakopa, na kwenye semina huyo ndo anaitwa hana nidhamu.

Wachache wamewahi kuongea na nyumbani kabla hawajaulizwa, "mama kila mwezi nitatuma kiasi hiki", na wanatuma kweli. Simu za tarehe 25 zimepungua, ila wajomba bado wanapiga.