Mabinti wa Mzee Goriot, Agosti 2003

Wiki iliyopita binti yangu alimaliza kusoma Le Père Goriot, riwaya ya mwandishi Mfaransa Honoré de Balzac waliyopangiwa shuleni muhula huu, akaja jikoni akiwa amekasirika hasa, akaniuliza: "Mama, kwa nini mabinti wa Goriot hawakuja kumzika baba yao?" Nilimjibu harakaharaka kuhusu waume zao, kuhusu fedha na kuhusu jinsi Paris ilivyokuwa baada ya Napoleon, naye akaondoka bila kuridhika. Mimi nilibaki na swali lile hadi usiku, kwa sababu niliwahi kulijadili na mtu aliyekuwa na jibu lisilofanana na la mwalimu wangu yeyote, katika ghorofa ya sita ya jengo moja la Paris, mwezi ule wa joto.

Mwaka 2003 nilikuwa bado katika chumba kile cha juu nilichopewa bila kodi kwa sharti la kuwachukua watoto wa mwenye nyumba shuleni na kuwafundisha Kiingereza. Majengo ya Paris ya aina ile yana ngazi mbili. Ngazi kuu ina zulia na lifti, nayo inaishia ghorofa ya tano. Ngazi za watumishi, ambazo ni nyembamba na za kuzunguka, zinaanzia uani na kupanda hadi chini ya paa, ambako zamani walilala wapishi na madobi na sasa tulilala sisi. Kwenye ukumbi wetu palikuwa na bomba moja na choo kimoja cha pamoja. Paa lilikuwa la bati la zinki, na dirisha langu lilikuwa limekatwa ndani ya paa lenyewe.

Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa bibi mmoja aliyekuwa fundi cherehani maisha yake yote. Alikuwa na mtoto wa jicho, hakuweza tena kusoma, na aliposikia kwamba nina mtihani wa kitabu cha Balzac mwezi Septemba aliniambia nimsomee yeye kwa sauti, naye atanisahihisha matamshi. Alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyepata kuwa naye. Nilimsomea karibu kitabu kizima kwa namna hiyo, jioni baada ya jioni, yeye akiwa kitandani na mimi kwenye kigoda chake cha kushonea.

Halafu likaja joto. Sisi watu wa pwani tunadhani tunalijua joto, lakini kwetu kuna upepo wa baharini, kuna baraza na kivuli cha mwembe, na jua likizama mwili unapata nafuu. Katika vyumba vile hapakuwa na nafuu yoyote. Mchana ulikaribia nyuzi 40, na kuna usiku ambao joto la mji halikushuka chini ya nyuzi 25. Bati la paa likawa kama chungu kilichoepuliwa muda mrefu lakini bado hakishikiki. Ghorofa za chini zilikuwa zimefungwa luva, kwa sababu Agosti ndio mwezi wa likizo na wenyewe walikuwa baharini. Hata mtunza jengo alikuwa amesafiri. Katika ngazi zote zile, waliobaki ni sisi wa juu.

Usiku ninaoukumbuka zaidi tuliloweka shuka kwenye bomba tukalitundika dirishani, nikamwekea bibi beseni la maji aweke miguu. Hakutaka kulala. Alisema akilala atasahau kunywa maji, kwa hiyo nisome. Nikauliza tuanzie wapi, akasema nianze na bei za vyumba.

Wasomaji wa kitabu watakumbuka ukurasa huo. Goriot, mfanyabiashara wa tambi aliyestaafu, anaingia mwaka 1813 katika nyumba ya wapangaji ya Bi Vauquer, akiwa na mashati mazuri na vyombo vya fedha, na analipa faranga 1,200 kwa mwaka kwa vyumba vya ghorofa ya kwanza. Mwaka wa pili ukiisha anahamia ghorofa ya pili, kwa 900. Mwaka wa tatu ukielekea mwisho anahamia ya tatu, kwa faranga 45 kwa mwezi, na wapangaji wenzake wanaanza kumfanyia mzaha. Hawajui kwamba kila anachojinyima kinakwenda kwa mabinti wawili: Anastasie, aliyeolewa na bwana mwenye cheo cha kikabaila, na Delphine, mke wa tajiri wa benki. Balzac aliiweka nyumba hiyo katika mtaa wa Neuve-Sainte-Geneviève, ambao leo unaitwa Tournefort, nyuma ya Panthéon, nami nilikuwa nimekwenda kuutazama mteremko wake.

Bibi alisikiliza hesabu zile akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Huyu mzee alipanda ngazi. Mimi sikupanda, nilifika hapa juu nikiwa msichana, na hapa ndipo nilipobaki. Kwa hiyo usinionee huruma kwa ajili yake."

Nikamwambia kwamba huruma yangu ilikuwa kwa Goriot, na hasira yangu kwa mabinti. Mzee yule aliuza vijiko vyake na kuweka rehani pensheni yake ili Anastasie apate gauni la dhahabu la kuvaa kwenye dansi ya Bi de Beauséant. Usiku wa dansi hiyo baba yuko mahututi, na Delphine naye anakwenda. Mzee anakufa akiwaita mabinti wake. Anayemtunza ni Rastignac, mwanafunzi wa sheria kutoka Angoulême, pamoja na Bianchon, mwanafunzi wa udaktari, na hao ndio wanaotafuta hata fedha za mazishi. Nyuma ya jeneza yanakuja magari mawili ya farasi yenye nembo za wakwe, na ndani yake hamna mtu. Nilimwambia bibi kwamba kwetu jambo hilo halisemeki. Mtu hazikwi na watu wawili. Kila anayeweza kutembea anatoka, hata aliyekuwa na ugomvi na marehemu anakuja kushika jeneza.

"Rudi nyuma," akasema. "Pale penye unga."

Nilikuwa nimepapita pale upesi siku chache kabla, maana palikuwa na maneno mengi ya biashara. Nikapatafuta kwa mwanga wa taa ndogo. Goriot alikuwa kibarua wa kiwanda cha tambi. Mapinduzi ya 1789 yalipoanza, akainunua biashara ya bwana wake, akapata cheo katika kamati ya mtaa, na njaa ilipoingia Paris akauza unga kwa mara kumi ya bei aliyonunulia. Balzac anaeleza kwamba watu walikuwa wakiuana kwenye milango ya waoka mikate, huku wengine wakinunua tambi kwa utulivu madukani. Huo ndio utajiri aliowalelea mabinti wake, bila kuwakatalia kitu.

Aliniambia niisome sehemu hiyo tena, polepole. Kisha akasema, nami naandika maneno yake kwa kadiri ninavyoyakumbuka: "Wasichana wale walilelewa kwa njaa ya watoto wa wenzao. Walifundishwa kwamba mlango ukifungwa, fedha ya baba itaufungua. Sasa baba hana fedha. Nani aliwafundisha kuja bure?"

Sikukubali. Nilisema kuja kwa mzazi hakuhitaji somo. Akaniuliza, bila ukali wowote, "Mama yako akifa usiku huu, mwanangu, utafika lini?"

Nilianza kuhesabu. Tiketi ya ndege sikuwa nayo, wala fedha yake. Na hata kama ningekuwa nayo, kwetu maiti hailazwi bila sababu. Mtu akifa usiku huzikwa mchana wake, na hakuna ndege inayoweza kumfikisha mtu pwani kutoka Paris kabla ya swala ya adhuhuri. Bibi hakungoja jibu. Alisema mwanawe yuko Montréal, Canada, ana kazi nzuri, hupiga simu Jumapili, kisha akaniomba nibadilishe maji ya beseni.

Kesho yake mchana hakuitikia mlango nilipogonga. Nilifungua kwa ufunguo aliokuwa amenipa, nikawaita wazimamoto, nao wakamteremsha kwa kiti kile chembamba cha kubebea wagonjwa, kwa sababu machela haikuweza kupita kwenye ngazi za watumishi. Alifia hospitalini. Paris yote ilikuwa na misiba ya namna hiyo. Baadaye ilihesabiwa kwamba joto lile liliua karibu watu 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee, na vyumba vya maiti vilipojaa, ghala la baridi la Rungis, kwenye soko kuu la vyakula, likatumika kuhifadhi miili. Hofu yangu ilikuwa kwamba bibi naye atabaki bila mwenyewe. Tarehe 3 Septemba watu 57 waliokosa jamaa wa kuwachukua walizikwa na mji katika makaburi ya Thiais, mbele ya Rais Jacques Chirac na meya Bertrand Delanoë. Niliyatazama majeneza yale kwenye televisheni, nikalia.

Bibi hakuwa mmoja wao. Mtunza jengo alirudi kutoka likizo, akapekua barua za bibi, akapata anwani ya Montréal, na mwana akaja. Tulimzika tukiwa watu wachache, lakini mwana alikuwepo. Siku ya kuondoa vitu chumbani aliniita, akauliza kama mama yake alikuwa akimlaumu. Nikamweleza mazungumzo yetu ya unga na ya mabinti wa Goriot, yote, pamoja na swali aliloniuliza mimi. Hakuwa amekisoma kitabu. Alitaka kujua kama mabinti wale walifika mwishowe, nikamwambia ukweli, kwamba Anastasie alifika, lakini baba alikuwa hatambui tena watu. Akasema yeye alichelewa zaidi ya Anastasie, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Miaka mingi baadaye, mama yangu alipofariki, nilikuwa nimesharudi nyumbani, na nilikuwa pembeni mwake. Kaka yangu aliyeko Muscat aliingia siku ya tatu, wakati wa hitima, akiwa na sanduku na nguo za kazini, na wazee wakampokea kwa kusema kwamba umbali si kosa la mtu. Shangazi mmoja hakusema kitu. Niliwatazama wote nikamkumbuka bibi na beseni lake, nikatamani angekuwepo tuendelee kubishana.

Maana ubishi wangu sijauacha. Mtaa wa Saint-Lazare, alikokaa Delphine, hauko ng'ambo ya bahari. Kutoka kwake hadi kwa Bi Vauquer ni mwendo wa miguu wa kama saa moja, na alikuwa na gari na farasi. Aliyetenganishwa na mto Seine hawezi kupewa udhuru wa aliyetenganishwa na bahari, na bado naamini kabisa kwamba alipaswa kuja. Lakini pia siwezi tena kukisoma kifo cha Goriot kama nilivyokisoma mara ya kwanza, kana kwamba upendo wake ulikuwa safi na fedha zake zilitoka mbinguni. Kuna watu waliokufa kwenye milango ya waoka mikate ambao kitabu hakiwataji majina, na magauni ya wasichana wale yalianzia pale.

Kwa hiyo ninapokifundisha kitabu hiki darasani naanza na kurasa za unga, kabla ya ngazi, kabla ya Rastignac na kabla ya kilio cha mwisho. Baadhi ya walimu wenzangu wanaona ninawaharibia wanafunzi machozi yao. Wanafunzi wenyewe hugawanyika kila mwaka, wengine wakiwa upande wa baba na wengine wakitaka kujua nani alikula tambi zile, na kengele huwakuta bado wanabishana.