Mstari Mwekundu Ulipogeuka Kijani

Nina maktaba ndogo, yaani msimbo ulio tayari ambao wengine huutumia katika programu zao, ya kuchora chati za maji. Ni programu huria, na imejengwa juu ya Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu katika lugha ya programu ya Python. Ukiipa jedwali la kupwa na kujaa kwa Kilindini, bandari ya Mombasa, inakuchorea mistari mitatu: maji kujaa, maji kupwa, na kiwango cha bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wengi wanaoitumia ni wanafunzi, lakini chati ninayoijali kuliko zote ni ile inayobandikwa kwenye banda la wavuvi kule Mtongwe.

Mwanzoni mwa 2017 nilisasisha kompyuta yangu, Matplotlib 2.0 ikaingia. Programu ilikwenda bila kosa lolote. Nikachapisha chati ya mwezi, nikavuka feri nayo. Mzee mmoja akaisogelea, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Mwanangu, mbona bamvua limekuwa la kijani? Siku zote jekundu."

Kwao wekundu ule ndio unaowaambia wazipandishe ngalawa juu zaidi. Nilishikwa na baridi.

Kosa lilikuwa langu. Sikutaja rangi popote, niliiacha Matplotlib ichague. Mfuatano wake wa zamani ulianza na buluu, kijani, nyekundu. Mpya unaanza na buluu, chungwa, kijani. Mabadiliko yenyewe nayaunga mkono. Ramani yao ya zamani ya kugeuza namba kuwa rangi, jet, ilikuwa ikilionyesha jicho mipaka isiyokuwepo kwenye data, na viridis iliyochukua nafasi yake inasomeka hata na mwenye upofu wa rangi. Tena mabadiliko ya sura waliyakusanya kwenye toleo moja, na anayetaka kurudi nyuma wakamwachia mtindo uitwao classic. Usiku ule niliuwasha kwa mstari mmoja wa msimbo, nikachapisha upya. Wiki iliyofuata nikataja rangi zangu zote waziwazi.

Miaka miwili baadaye zamu ikawa yangu. Maktaba ilikuwa ikihesabu kwa futi, kwa sababu jedwali la kwanza nililopata lilikuwa la futi, nami nilitaka mita. Kubadilisha ni kazi ya dakika moja. Lakini aliyeandika kiwango cha bamvua kuwa 12 akimaanisha futi angechorewa mstari wa mita 12, na bamvua kubwa hapa Mombasa huyafikisha maji karibu mita 4 tu. Yasingeugusa mstari ule kamwe. Chati ingekuwa safi, na kila siku ingesema shwari.

Kwa hiyo sikubadilisha kimyakimya. Toleo la kwanza lilitoa onyo kwa yeyote ambaye hakutaja kipimo, hesabu ikabaki ya futi. Hapo nilijikwaa: nilitumia DeprecationWarning, aina ya onyo la watengenezaji wa programu ambayo Python huificha inapotoka ndani ya maktaba, na miezi ikapita bila mtu kuuliza chochote. Nikaigeuza kuwa FutureWarning, ambayo kila mtumiaji huiona, maswali yakaanza siku ileile. Toleo lililofuata likakataa kabisa kuchora bila kipimo. Mwanafunzi mmoja aliniandikia kwa hasira kwamba kazi yake imesimama siku moja kabla ya kuiwasilisha. Nilimwomba radhi, nikaandika upya ujumbe wa kosa ili uonyeshe neno lenyewe la kuongeza na mahali pa kuliweka, lakini kosa sikuliondoa. Programu ikisimama unajua imesimama. Mstari ukihama bila sauti, atakayegundua ni mtu aliye majini.

Mita kuwa chaguo-msingi, yaani kipimo kinachotumika usipotaja kingine, ilikuja mwisho, baada ya matoleo mawili. Kabla ya kulitoa lile toleo nilichapisha chati, nikavuka tena.

"Mzee, namba za pembeni sasa ni mita."

Akautafuta kwanza mstari mwekundu, akaufuata kwa kidole hadi mwisho wa mwezi. Ndipo akaniuliza mita moja ni futi ngapi.