Jinsi nilivyoiponya bakapu ya usiku kucha

Nina stationari Ng'ong'ona, jirani na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nachapa tasnifu, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, naskani vyeti vya watu wanaohangaikia ajira. Kila kitu kiko kwenye kompyuta moja ya mezani niliyoinunua mtumba, na kila Jumamosi jioni nanakili kazi zote kwenye diski ya nje ya terabaiti moja. Hiyo ndiyo bakapu yangu. Mteja akirudi baada ya miaka miwili akasema, "Mama, ile picha yangu bado ipo?", mimi nampa picha na yeye ananipa hela.

Mwaka huu bakapu ilianza kuwa mateso. Niliwasha saa 2 usiku nikaenda kulala. Saa 1 asubuhi nakuta bado inakwenda, asilimia themanini na kitu. Jumamosi iliyofuata umeme ukakatika katikati ya usiku, na betri ya UPS yangu, kile kifaa cha kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, siku hizi haimalizi hata dakika tano. Kuanza upya. Gigabaiti 200 tu, jamani.

Fundi mmoja wa mjini hakuigusa hata diski yenyewe. Aliniambia kwa simu kwamba imechoka, ninunue nyingine. Nilishaanza kutenga pesa. Aliyenizuia ni kijana mmoja wa CIVE, ile koleji ya mambo ya kompyuta pale UDOM, aliyekuja kuchapisha ripoti ya mafunzo kwa vitendo. "Mama, kabla hujanunua, pima," akasema. "Nakili faili moja kubwa, utazame saa. Halafu nakili vidogo vingi, utazame saa tena." Akaniwekea na programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, inayosoma afya ya diski. Ikaonyesha rangi ya buluu, neno "Good", hakuna sekta mbovu, yaani sehemu za diski zilizoharibika. Angeona njano au nyekundu, alisema, tungeacha habari za spidi na kuokoa kwanza kilichomo. Ripoti yake sikumtoza.

Nikapima. Video ya mahafali yenye gigabaiti 8: dakika 4, yaani megabaiti 33 hivi kwa sekunde. Folda ya picha za pasipoti za mwezi mmoja, faili 2,600 ambazo zote kwa pamoja hazizidi megabaiti 520: dakika 6! Kitu kidogo mara kumi na tano kimechukua muda mrefu kuliko kile kikubwa. Hapo nikajua nina magonjwa mawili, wala si moja.

La kwanza lilinitia aibu. Diski yangu ni ya USB 3, toleo lenye kasi kuliko USB 2 ya zamani, ina lile tundu pana lenye sehemu mbili zilizoungana. Waya uliokuwa umechomekwa ulikuwa mwembamba, wa kuchajia simu za zamani, umeingia kwenye ile nusu kubwa na nusu nyingine imebaki wazi. Unaingia vizuri kabisa na diski inawaka. Ila waya huo una njia za USB 2 pekee, na USB 2 hata kwenye makaratasi haivuki megabaiti 60 kwa sekunde. Kazini unapata 30 au 40. Nikamwita mpwa wangu anayenisaidia dukani.

"Waya wa diski uko wapi?"

"Ulikatika, shangazi. Nikaweka huu, mbona unafanya kazi?"

Tangu lini? Tangu Pasaka.

Nilipata waya mpya mjini kwa shilingi elfu nane. Nikarudi, nikachomeka mbele ya kompyuta kama siku zote, nikapima: dakika 4 zilezile. Nilikaribia kuutupa. Kumbe matundu ya mbele ya kompyuta yangu ni meusi, ya USB 2, na yale ya buluu yako nyuma, huko kwenye vumbi ambako mtu haendi mpaka kuwe na msiba. Na vumbi la Dodoma wakati wa upepo wa kiangazi mnalijua. Nikapuliza, nikafuta, nikachomeka nyuma. Video ileile: dakika 1 na sekunde 20.

Nikashangilia mapema. Folda ya pasipoti ilitoka dakika 6 ikaja dakika 5 na nusu, basi.

Hapa ndipo nilipojifunza. Nina picha ndogo zaidi ya laki mbili na nusu, karibu gigabaiti 50, na hizo ndizo zilizokuwa zinakesha. Diski yangu ni ya sahani inayozunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Faili kubwa inaandikwa mfululizo. Faili ndogo, kila moja, diski inatafuta nafasi, inaandika, inarudi kwenye orodha kuandika jina na tarehe, kisha inakwenda kutafuta nafasi nyingine. Ni kama kuhamisha gunia la mtama punje moja moja, na kila punje karani aiandike daftarini. Spidi ya waya haimsaidii karani.

Juu ya hapo antivairasi inafungua kila picha kuikagua. Nilichomoa intaneti, nikaisimamisha kwa muda wa jaribio: dakika 3. Kwa hiyo nimeiambia isikague folda ya pasipoti wakati wa kunakili. Faili za flashi za wanafunzi zinaendelea kukaguliwa, hizo siwezi kuziamini hata siku moja. Kijana alinionyesha pia mpangilio wa Windows unaoruhusu data isubiri kwanza kwenye memori kabla ya kuandikwa diskini. Tukafika dakika 2. Nikaurudisha ulivyokuwa. Umeme ukikatika, kilichokuwa kinasubiri kinapotea, na kwa UPS yangu ile sitaki kujaribu bahati.

Dawa yenyewe ilikuwa kufunga mizigo. Picha za kila mwaka uliokwisha nimezifungasha kwa 7-Zip, programu ya kukusanya faili nyingi, kuwa faili moja ya gigabaiti 6 hivi, bila kubana, maana picha za JPEG zimeshabanwa tayari na kuzibana tena ni kupoteza muda. Kufungasha kwenyewe kulichukua Jumapili nzima, lakini picha za 2019 hazibadiliki tena, kwa hiyo ni kazi ya mara moja. Kila furushi nililifungua nikajaribu picha kumi kabla ya kuliamini. (Furushi moja nilitaka kuliweka kwenye flashi, ikakataa: ilikuwa na mpangilio wa zamani uitwao FAT32, haipokei faili inayofika gigabaiti 4.)

Nilipohamisha yote upya, spidi ilianza na megabaiti 100 kwa sekunde, baada ya muda ikashuka hadi ishirini na kitu. Nikatafuta namba ya modeli: diski yangu ni ya SMR, njia zake za kuandikia zimepandana kama mabati ya paa. Ukitaka kubadilisha bati la chini lazima uinue na yaliyolilalia. Ina sehemu ndogo ya kupokea mizigo haraka, ikijaa, mnasubiri. Hilo halina dawa, ila kuiandikia kidogo.

Kwa hiyo sasa natumia robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, ambayo inaruka faili zisizobadilika. Mpwa wangu alitaka tuongeze kwenye amri hiyo lile chaguo la /MIR. Nikamkatalia, kwa sababu inafuta bakapuni kila ulichofuta kwenye kompyuta, na sisi dukani tunafuta kwa bahati mbaya kila wiki.

Jumamosi iliyopita ilichukua dakika 11. Waya mpya tumeuzungushia utepe wa karatasi wenye gundi, mpwa ameandika kwa kalamu nyekundu: SI WA SIMU.