Daftari huandika jeraha, safari huiacha

Mtu akiletwa kwenye kituo chetu cha afya usiku, mfupa wa bega umevunjika, daftari letu hupokea maneno mawili tu: ajali, baiskeli. Mimi ni tabibu huku Usangu, wilayani Mbarali, na maneno hayo hayanitoshi. Alikuwa anatoka shamba au mnadani? Alibeba nini kwenye keria? Taa alikuwa nayo? Aligongwa, au aliteleza mwenyewe?

Namba za kujibu swali hilo la mwisho zipo tayari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, toleo la 10, umemtengea mwendesha baiskeli V10 hadi V19. V12 amegongana na pikipiki au bajaji, V13 na gari dogo, V14 na lori au basi. V18 ameanguka bila kugongana na chochote. Tarakimu moja tu, nayo inatenganisha tatizo la mwendo wa malori na tatizo la changarawe.

Huyu wa V18 ndiye anayepotea kabisa. Aliyegongwa na gari hupitia polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Lakini aliyeteleza na gunia la mpunga, nani atamwambia aanze na polisi? Nduguze humpakia kwenye bodaboda moja kwa moja mpaka kwetu. Kwenye takwimu za polisi ajali yake haipo, na kwetu imebaki maneno mawili.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi, la kuhesabu safari zenyewe. Kutoka Igawa, kupita Chimala hadi Igurusi, barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, inapita tambarare, kwa hiyo baiskeli ni chombo cha kazi: mpunga, mkaa, madumu ya maji, mtoto wa shule nyuma. Ukishapita Inyala kupanda Uyole, milima inawachosha watu, wengi wanategemea daladala na bajaji. Sasa majeruhi wa baiskeli wakiwa wengi Mbarali kuliko Mbeya mjini, je, barabara yetu ndiyo mbaya zaidi, au sisi tunaendesha zaidi? Bila kujua watu wanaendesha kilomita ngapi, jibu lolote ni la kubahatisha, na fedha za barabara zitafuata ubahatishaji huo.

Mwaka 2003 mtafiti Peter Jacobsen alichapisha utafiti kwa takwimu za California na nchi kadhaa za Ulaya. Aliona kwamba waendesha baiskeli na watembea kwa miguu wakiongezeka maradufu, majeruhi huongezeka pia, ila kwa takriban theluthi moja tu. Maana yake hatari kwa kila mmoja inashuka. Nikiyasoma hayo nawaza msimu wa mavuno, baiskeli zinapojaa pembeni ya lami na malori ya Tunduma yanapita hapo hapo. Je, dereva wa lori hupunguza mwendo akiona kundi? Natamani sana kulijua hilo, maana wanaokatika miguu ni watu ninaowafahamu kwa majina.

Kituoni tumeanza kuandika tarakimu ya V pembeni ya kila jeraha la baiskeli, pamoja na mzigo na saa. Bado hatuna hesabu ya barabarani. Mwalimu uliye Chimala au Igurusi, kaa na wanafunzi wako saa moja siku ya mnada na saa hiyo hiyo siku ya kawaida, mhesabu kila baiskeli inayopita, na muandike ipi ina mzigo.