Walima usio na sambusa

Jana pale kwa muuza urojo mtoto wa mdogo wangu kaniuliza, eti shangazi, mama hapendi urojo? Nikamwambia anaupenda sana, ila ule unga unaoupa uzito ni wa ngano na tumbo lake haliutaki, akatazama bakuli lake kidogo akaendelea kunywa. Mie ndo nikabaki nawaza ule walima wa harusi ya mdogo wangu.

Mnajua wenyewe alivyohangaika yule, kila akipimwa damu imepungua, tumbo halitulii, mpaka wakamwambia ni seliaki: ngano, shayiri na ile nafaka iitwayo rai asiguse hata chembe, utumbo unaharibika. Sasa kuna waliosema si mumwekee sahani yake pembeni tu. Bibi harusi wa Unguja ale peke yake pembeni na mashoga zake wamezunguka sinia? Mama kakataa katakata, chakula chote cha wanawake kisiwe na ngano, na mpishi nitafute mie.

Wa kwanza kacheka, "kwani biriani lina ngano, dada?" kumbe kuku wake anamroweka kwa sosi ya soya, na hiyo sosi ina ngano. Mwengine wa hoteli kanambia nisihofu, mkate hataleta.

Ndo nikaelekezwa kwa bi mkubwa mmoja Kwahani. Nimemkuta uani anakanda chapati, shikamoo, marahaba, nikamueleza. Kanyanyua mkono anivutie kigoda, akausimamisha hapohapo hewani, mweupe mpaka kwenye kifundo, unga umejaa kwenye pete. "Kwa hivyo mwanangu, mkono huu nao haufai?" Nikaona haya kumjibu. Wala hakungoja, kaanza kuvitazama vitu vyake kimoja kimoja kama polisi kaingia kwa mwizi: mwiko, upawa, kibao cha chapati, karai lenye mafuta ya sambusa za asubuhi, kanga aliyojifunga kiunoni, kila kitu kina unga. Kisha yeye ndo akaanza kuniuliza mie. Vitumbua mnataka? Maana hutia ngano kidogo vishikane, basi hatotia. Mchele atauroweka ausage kwa blenda yetu, mashine ya mtaani inasaga kila aina ya nafaka. Bhajia za unga wa dengu wa dukani tuziache, atapika za kunde aziroweke mwenyewe. Bizari aletewe nzima, ataikaanga na kuitwanga. Na atapikia kwetu, kwa masufuria yetu, "mie nije na mikono tu, na hii ntaikosha vizuri."

Bei yake ilikuwa juu kidogo, mama kaguna, tukalipa.

Siku yenyewe ikenda vizuri tu, biriani, kachumbari, mkate wa kumimina, mdogo wangu kapeleka mkono kwenye sinia bila ya kuuliza ndani mna nini, sijui mara ya mwisho aliwahi lini. Ila wageni wengine walinuna. Mamkubwa kasema harusi gani haina hata sambusa, mara kafungua pochi, kumbe kaja na zake kazifunga kwenye gazeti, tena kakaa sinia moja na bibi harusi! Nikamhamisha kwa heshima zote, kahama huku anatafuna. Mpaka leo ukimtajia siku ile anaiita harusi ya wagonjwa wa sukari, na mie kumsahihisha nshachoka.